Mufano wa Wakubwa Wakati wa Shida ya Feza

Wazee wetu walisema: aliyeshiba hamujui mwenye njaa. Neno hilo linaonyesha hatari ya kila mutu anayewasimamia wengine wakati feza inapokuwa haba. Mukubwa anaweza kuwa mutu mwema, mwenye akili na mwenye kusali. Lakini kama njaa haijafika mezani pake, atasema juu ya njaa ya wengine sawa mutu anayesoma habari ya inchi ya mbali. Atawaambia: «Tuvumilie», nao wataangalia sahani yake.

Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja tu: kwa nini mufano wa wakubwa una nguvu nyingi wakati wa shida ya feza, na mufano huo unapaswa kuwa namna gani ili uwe wa kweli. Hatusemi juu ya watawala tu, wala juu ya wakubwa wa sosyete peke yao. Padri anayeshika sanduku la parokia ni mukubwa. Ekonomo wa seminari ni mukubwa. Katekista anayegawa vitabu na posho kwa wenzake wa vijiji ni mukubwa vilevile.

Hapa Kongo si lazima kueleza sana shida ni nini. Watu wa Katanga waliona sosyete ya Gécamines ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, na mwaka 1994 ikishuka chini ya tani 50,000. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilikaa miezi na miezi bila mushahara, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa mupango wa kuondoka uliolipiwa na Banki ya Dunia. Watu wa Kivu nao waliona mwaka 2025, kwa sababu ya vita, banki za Goma na Bukavu zikifunga milango, na mutu mwenye feza yake katika kitabu cha banki akakosa ya kununua unga. Katika siku za namna hiyo kila kundi la watu linaangalia juu, linauliza: na wakubwa wetu, wao wanaishi namna gani?

I. KWA NINI WATU WANAANGALIA WAKUBWA

Wakati wa neema watu hawaulizi sana mukubwa anakula nini. Mishahara inalipwa siku yake, watoto wanasoma, dawa inapatikana. Kama mukubwa ana motokari mbili, watu wanacheka kidogo, kisha wanaendelea na kazi. Lakini shida ikiingia, macho yote yanageuka. Tunaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: mudogo hajui hesabu ya kweli. Hajafungua vitabu, hajaona barua za banki. Anaambiwa tu kwamba feza imekwisha. Basi anatafuta alama ya kujua kama neno hilo ni kweli, na alama iliyo karibu ni maisha ya yule aliyelisema. Mukubwa akipunguza vyake mwenyewe, watu wanawaza: kweli, feza imekwisha. Akinunua motokari nyingine, wanawaza: feza iko, ila si kwa ajili yetu.

Sababu ya pili: muzigo ulio sawa kwa karatasi hauko sawa katika maisha. Tuseme mutu mumoja anapata dola 100 kwa mwezi, na mukubwa wake dola 5,000. Wote wawili wakikatwa asilimia 10, wa kwanza anabaki na dola 90, wa pili anabaki na dola 4,500. Mwenye kuandika hesabu atasema: ni haki, wote wamekatwa sawasawa. Lakini dola 10 za yule mudogo ni unga wa nyumba yake, ao minervali ya mutoto. Dola 500 za mukubwa hazikuondoa kitu mezani pake. Hata watu wasiosoma shule wanajua hesabu hiyo vizuri sana.

Sababu ya tatu: wakati wa shida tunawaomba watu mambo yasiyoweza kuamriwa. Amri inaweza kukata mushahara. Haiwezi kumufanya mutu atunze chombo cha kazi kama chake, ao aseme kweli juu ya hasara aliyoifanya, ao akae saa moja zaidi kwa kupenda. Mambo hayo yanatoka moyoni, na moyo haufuati karatasi, unafuata mutu.

II. MIFANO YENYEWE

Tuangalie sasa mifano mitano. Mmoja unatoka katika Maandiko Matakatifu, miwili katika sosyete kubwa za dunia, mmoja katika serkali ya jirani zetu, na wa mwisho katika Eklezya. Tutaona vilevile pahali ambapo mifano hiyo ilipunguka, kwa sababu hata kupunguka kwake kunafundisha.

1. Nehemiya. Karibu mwaka 445 mbele ya Kristu, Nehemiya alifika Yeruzalemu kuwa liwali wa inchi ya Yuda. Watu walikuwa wakijenga ukuta wa muji, lakini njaa na kodi ziliwalemea. Sura ya tano ya kitabu chake inaeleza namna walivyoweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, mpaka watoto wao wenyewe wakawa watumwa wa wenye kuwakopesha. Nehemiya aliwagombeza wakubwa wa inchi. Lakini hakujiweka kando: yeye na jamaa zake nao walikuwa wamekopesha watu, basi alijihesabu pamoja nao katika amri ya kuacha madeni. Tena katika miaka 12 hakukula posho ya uliwali aliyokuwa na haki kuipokea, kwa sababu watu walikuwa na muzigo muzito. Hakununua mashamba ya watu waliobanwa na shida, na watumishi wake walifanya kazi kwenye ukuta pamoja na wengine.

2. Sosyete ya Chrysler, Marekani. Mwaka 1979 sosyete hiyo inayotengeneza motokari ilikuwa karibu kufa. Katika mwaka ule peke yake ilipata hasara ya zaidi ya dola miliari 1. Mukubwa wake, Lee Iacocca, alikuwa ameingia mwaka 1978, nyuma ya kufukuzwa na sosyete ya Ford. Alipaswa kuomba msaada kila upande: serkali itoe zamana ya mikopo, banki zingoje, wafanyakazi wakubali kupunguziwa. Mbele ya kuwaomba wafanyakazi, alishusha mushahara wake mpaka dola 1 kwa mwaka, na wakubwa wengine wa sosyete wakakatwa mpaka asilimia 10. Nyuma yake sendika ya wafanyakazi ilikubali kupunguza madai yake, na mwaka 1980 mukubwa wa sendika hiyo, Douglas Fraser, akapewa kiti katika baraza kuu la sosyete, aone hesabu kwa macho yake. Serkali ilitoa zamana ya dola miliari 1.5, na mwaka 1983 sosyete ikamaliza kurudisha mikopo hiyo, miaka saba mbele ya siku iliyowekwa.

Hata hivyo habari hiyo ina upande wa pili. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Kwao hakukuwa na kurudi. Mwaka 1982 wafanyakazi wa Kanada waligoma majuma matano, kwa sababu waliona sosyete inaanza kupona, nao bado hawajarudishiwa kitu. Na mwaka 1986 Iacocca mwenyewe alipata, kwa mushahara na haki za kununua sehemu za mali ya sosyete, zaidi ya dola milioni 20. Watu wengi waliosifu dola moja yake walianza kuuliza kama ile dola moja ilikuwa sadaka, ao mbegu iliyopandwa ili kuvuna.

Miaka ilipita, na kiwanda kilekile cha motokari kikapata shida nyingine. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2008 wakubwa wa sosyete tatu, General Motors, Ford na Chrysler, walikwenda Washington kuomba serkali dola miliari 25. Kila mumoja alisafiri kwa ndege ya peke yake. Wajumbe wa bunge waliwauliza mbele ya watu wote kama wako tayari kuziuza ndege hizo, na inchi nzima ikakasirika. Majuma mawili nyuma yake walirudi kwa motokari, safari ya karibu kilometa 840 kutoka Detroit, nao wakasema watakubali mushahara wa dola moja. Tendo lilikuwa zuri. Lakini lilikuja nyuma ya haya, na watu waliona lilitoka wapi.

3. Sosyete ya ndege ya Japani. Mufano huu unafundisha kuliko yote. Haruka Nishimatsu alikuwa mukubwa wa sosyete ya Japan Airlines tangu mwaka 2006. Sosyete ilipoanza kupunguza mishahara na watu, alijikata mushahara mpaka chini ya yeni milioni 10 kwa mwaka, chini ya malipo ya marubani wake. Alikwenda kazini kwa bisi ya watu wote, alikula pamoja na wafanyakazi katika chumba chao cha chakula. Nani atamusema vibaya? Lakini tarehe 19 mwezi wa kwanza mwaka 2010 sosyete ilifilisika, na deni lake lilikuwa karibu yeni miliari 2,300.

Basi mufano wake ulikuwa wa bure? Hapana. Ulikuwa mwema, lakini haukutosha. Ndege zilikuwa nyingi mno, safari nyingine hazikuleta faida, pensio za wazee zilikuwa nzito, na mambo hayo hayaponywi kwa mukubwa kupanda bisi.

Serkali ya Japani ilimwita muzee mumoja, Kazuo Inamori, mwenye miaka 78, aliyeanzisha sosyete ya Kyocera mwaka 1959. Alikubali kazi hiyo bila mushahara wowote. Lakini alileta kitu kingine pamoja na mufano wake. Kwanza aliwakusanya wakubwa wa sosyete, karibu 50, akawafundisha juu ya kazi ya kiongozi na juu ya hesabu. Kisha aligawa sosyete katika makundi madogo, na kila kundi likapaswa kujua kila mwezi: tumeingiza kiasi gani, tumetumia kiasi gani. Rubani, fundi wa mashini, mutumishi wa kukata tiketi, kila mumoja akaona garama ya kazi yake mwenyewe. Ni kweli vilevile kwamba serkali iliweka feza nyingi, wenye kukopesha waliacha sehemu kubwa ya deni, na karibu watu 16,000, sehemu moja katika tatu, waliondoka kazini. Uponyaji ule ulikuwa na machozi. Lakini mwezi wa tisa mwaka 2012 sosyete ilirudi katika soko la mali la Tokyo, yenye faida kubwa.

4. Tanzania. Mwezi wa kumi mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya utumishi wa taifa, kwa sababu wangekatwa sehemu kubwa ya mushahara wao. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Lakini aliona vilevile kwamba wanafunzi walikuwa wakiangalia mishahara ya wakubwa, na kwamba mishahara hiyo ilikuwa mikubwa kupita kiasi katika inchi masikini. Palepale alijikata mwenyewe asilimia 20. Tarehe 5 mwezi wa pili mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka sharti kwa viongozi wote: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha, wasiwe na sehemu katika sosyete za faida. Watu wanamukumbuka Nyerere mpaka leo kuwa kiongozi asiyejitajirisha. Lakini mufano wake haukuzuia shida kubwa ya uchumi iliyoingia Tanzania mwisho wa miaka ya 1970. Tena tunaona neno lilelile: mukono safi ni lazima, lakini mukono safi peke yake haujazi gala.

5. Vatikano. Mwaka 2020 na 2021 ugonjwa wa korona ulifunga nyumba za vitu vya kale za Vatikano, ambazo wageni wake wanaleta feza nyingi, na mapato ya Kiti Kitakatifu yakashuka. Papa Fransisko hakutaka kufukuza wafanyakazi. Kwa barua iliyotangazwa tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 2021 aliamuru hivi, kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa ine: makardinali wakatwe asilimia 10, wakubwa wa maofisi wakatwe asilimia 8, mapadri na watawa wengine wenye kazi pale wakatwe asilimia 3. Walei wa vyeo vya chini hawakukatwa mushahara. Nyongeza ya miaka ya kazi ilisimamishwa kwa muda kwa wengine, lakini walei wa ngazi tatu za chini hawakuguswa hata katika jambo hilo. Tuangalie vizuri ngazi hiyo: kadiri mutu alivyo juu, ndivyo alivyokatwa zaidi, na walio chini kabisa waliachwa.

III. ALAMA INE ZA MUFANO WA KWELI

Tukikusanya mifano hiyo tunapata alama ine. Heri kuzishika kwa kichwa.

Alama ya kwanza: unaanza juu, tena unaanza mbele. Nehemiya alijihesabu katika amri yake mwenyewe. Iacocca alijikata mbele ya kuwaomba wafanyakazi. Wale wakubwa watatu wa mwaka 2008 walifanya tendo karibu lilelile, lakini nyuma ya kukemewa, na halikuwa na nguvu ile. Kitu kinachotolewa kwa kupenda kinaitwa sadaka. Kitu hichohicho kikitolewa kwa haya kinaitwa malipo.

Alama ya pili: unapanda pamoja na cheo. Si haki kukata wote sawasawa, tulivyoona katika hesabu ya dola 100 na dola 5,000. Mwenye zaidi aache zaidi, na mwenye kidogo kabisa asiguswe kama inawezekana. Tena kile ambacho mukubwa anaacha kiwe kitu anachokisikia. Akiacha kalamu ya zahabu na kubaki na ndege, watu watahesabu ndege.

Alama ya tatu: unakwenda pamoja na kitabu cha hesabu kilicho wazi. Hapo ndipo tofauti kati ya Nishimatsu na Inamori. Wote wawili walijinyima. Lakini wa pili aliwapa watu wote hesabu mukononi na njia ya kuitengeneza. Mukubwa anayejinyima bila kujua feza inapotea wapi ni sawa baba anayelala na njaa huku gala lake lina tundu. Watoto watamuhurumia, lakini hawatashiba.

Alama ya ine: unadumu mpaka wadogo wapumzike. Hii ndiyo ngumu kupita zote. Wakubwa wengi wanaweza kuwa wa kwanza kuacha. Wachache wanakubali kuwa wa mwisho kurudishiwa. Feza ikianza kurudi, yafaa ianze chini: kwanza deni la mishahara ya wadogo, kisha nyongeza yao, na nyuma ya hayo yote kiti cha mukubwa. Ile dola moja ya Detroit iliharibiwa na zile milioni 20, kwa sababu watu wanakumbuka mwisho kuliko mwanzo.

IV. MASWALI MATATU

Swali la kwanza. Mutu atasema: mushahara wa mukubwa mumoja ni tone la maji katika ziwa. Akiuacha, faida gani?

Tunajibu: kwa hesabu ya feza, ni kweli, faida ni kidogo. Sosyete yenye watu 1,000 wanaopata dola 100 kila mumoja inalipa dola 100,000 kwa mwezi. Mukubwa wake akiacha nusu ya dola 5,000 zake, anaokoa dola 2,500 tu. Lakini hatutafuti feza hiyo kwanza. Mukubwa huyo amepata haki ya kusema «sisi» bila kusema uongo. Na watu wanaomwamini wanaweza kuokoa zaidi ya dola 2,500 katika mafuta yasiyomwagika, vyombo visivyoibwa, na siku za kazi zisizopotea.

Swali la pili. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka na kufunga kwa siri. Mukubwa anayeonyesha kwamba amejikata mushahara, si anatafuta sifa?

Tunajibu kwa kutenga mambo mawili. Kufunga kwangu na sadaka yangu ni siri kati yangu na Mungu. Lakini sanduku la parokia, mushahara wa ofisi, hesabu ya seminari si vyangu. Ni vya wote, na wote wana haki kujua. Basi mukubwa asipige ngoma, asiite wapiga picha siku anapopanda bisi. Aweke tu karatasi ya mishahara mahali inapoonekana, jina lake likiwa la kwanza. Karatasi itasema yenyewe, naye atanyamaza.

Swali la tatu. Kama mukubwa anaacha kila kitu, hata motokari na telefoni, kazi itakwenda namna gani?

Tunajibu: tutenge chombo cha kazi na chombo cha heshima. Motokari inayopeleka padri katika vituo vya mbali, inayobeba mugonjwa na magunia ya unga, ni chombo cha kazi. Kuiuza ni kukata mukono wa kazi. Motokari ya pili, iliyo nzuri kuliko ile ya kwanza na inayolala siku nyingi chini ya paa, ni chombo cha heshima. Wakati wa shida vyombo vya heshima viondoke kwanza. Swali la kujiuliza ni hili: kitu hiki kikikosekana, nani ataumia, watu ao jina langu?

V. SISI WENYEWE

Tumekwenda mpaka Japani na Marekani. Sasa turudi nyumbani, kwa sababu makala hii haikuandikwa kwa wakubwa wa ndege na motokari.

Parokia nyingi zinaishi kwa matoleo ya watu. Shamba likikosa mvua, ao vita vikifunga njia, matoleo yanashuka. Padri wa parokia anapaswa kuchagua nani atangoje. Mara nyingi anayengoja wa kwanza ni katekista. Kwa nini? Kwa sababu katekista hasemi. Ana mke na watoto, anatembea vilima viwili kila siku ya Mungu, na akiambiwa «mwezi ujao», anaitika na kurudi nyumbani. Lakini mafuta ya motokari yananunuliwa, kwa kuwa mwenye kuuza mafuta hangoji. Tuseme wazi: hapo deni la parokia limewekwa juu ya mutu asiye na nguvu ya kulikataa. Hakuna hotuba juu ya uvumilivu inayoweza kuponya jeraha hilo. Hotuba hiyo itamufikia katekista na watoto wake wakiwa wameketi kwenye benchi la mbele, nao wanajua padri alikula nini jana.

Basi tunapendekeza mambo machache, ambayo yanaweza kuanza mwezi huu.

Kwanza, mwisho wa kila mwezi padri asome hesabu mbele ya baraza la parokia: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, na deni. Dakika 20 zinatosha. Kama baraza linajua ukweli, litasaidia kuutengeneza, na masemo ya njiani yatapunguka.

Pili, kama feza haitoshi, orodha ya malipo ianze chini: posho ya katekista, mupishi na mulinzi kwanza, meza ya mapadri mwisho. Kama wote wanapaswa kupunguziwa, mapadri wapunguziwe mbele, na zaidi.

Tatu, katika seminari, wakati maharagi yanapunguka, yapunguke vilevile kwenye meza ya walezi. Kijana anayeona rekta wake anakula ugali uleule atajifunza siku ile somo ambalo vitabu vya teolojia ya maadili vinalieleza kwa kurasa nyingi. Na kijana anayeona meza mbili atajifunza vilevile. Atajifunza kwamba upadri ni njia ya kufika kwenye meza ya pili.

Ine, neema ikirudi, tukumbuke ngazi. Mbele ya kupaka rangi nyumba ya mapadri, tufungue kitabu cha madeni, tuone kama jina la katekista bado limeandikwa mle.

Na ninyi waseminari, musingoje kuwa maparoko ili kuanza. Aliye mukubwa wa chumba cha kulala, ao wa kundi la kazi ya shamba, ana jembe na ana sahani. Achukue jembe wa kwanza na sahani wa mwisho. Ni jambo dogo, na wenzake hawatasema kitu. Lakini fazila inazoezwa katika madogo. Na siku atakapopewa ufunguo wa sanduku la parokia katika mwaka wa njaa, mukono wake utakuwa umekwisha kuzoea njia.